Gwanda la Jumatatu

Koplo aliingia kibandani kwangu bila hodi, akatupa gwanda la polisi juu ya cherehani kama anayemtupia mbwa mfupa.

"Dada, afande amekonda huko ndani. Mpunguzie kiunoni. Jumatatu atatoka nalo mahakamani."

Afande huyo ni sajenti aliyemvunja mdogo wangu vidole vya mkono wa kulia, kisa alinyimwa kitu kidogo. Mdogo wangu alikuwa fundi redio. Leo hata vifungo vya shati namfungia mimi. Nilitoa ushahidi, wakili wa utetezi akiniita mzushi mbele ya watu, sajenti akafungwa miaka saba. Akakata rufaa. Uamuzi ulikuwa usomwe Jumatatu hiyo hiyo.

"Si bado majaji hawajasema?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wewe shona tu, dada. Mengine waachie wenyewe."

Mafundi wamejaa mtaa mzima. Aliniletea mimi makusudi, nimeze fedheha.

Nililibeba mpaka kwa mwendesha mashtaka. Akalitazama gwanda, akatazama mlango, akasema nguo si ushahidi na rufaa ina taratibu zake. Mdogo wangu naye akanisihi nishone yaishe, mwenye nguvu mpishe. Vidole vilivyobaki, akasema, anavihitaji kwa kushikia kijiko. Alikuwa anatania. Sikucheka.

Nikashika wembe. Nikafumua mshono mmoja baada ya mwingine: mikono, kola, ile mifuko iliyonenepa kwa jasho la watu. Kitambaa sikukichana hata kidogo, mimi si mhuni. Nikavipiga pasi vipande, nikavikunja, nikavitia kwenye mfuko wa nailoni.

Jumapili koplo alipokuja kuchukua nguo na kufungua ule mfuko, cheko lilimkauka mdomoni.

"Nini hiki?"

"Kitambaa. Mfungwa simshonei kwa kukisia. Akiachiwa aje mwenyewe, asimame hapa mbele ya mdogo wangu, nimpime."

"Unacheza na moto, wewe mwanamke."

"Tulishaungua. Mwambie aje."

Jumatatu majaji walisoma, wakakohoa, wakamwachia. Eti utambuzi wa mshtakiwa ulikuwa na walakini. Mtu kamvunja mwenzake vidole mchana kweupe, mtaa wote ukiangalia, mtaa anakokusanya hongo kila wiki, halafu hatambuliki. Alishuka ngazi za mahakama kwa shati la kuazima lililompwaya mabegani, wenzake wakimpigia makofi. Akaniona. Nilimkazia macho mpaka akayahamisha ya kwake.

Nikarudi kibandani, nikafungua milango yote miwili, nikatundika futi ya kupimia shingoni. Mdogo wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejifungia chumbani, alikuja bila kuitwa. Habari za mahakamani zilishamfikia, na ujumbe niliomtuma koplo pia. Akavuta kigoda kwa mkono wake mbovu, akakiweka katikati ya mlango, akakaa akitazama barabara.