Mama Mkwe Juu ya Mifuko ya Salfa

Bi Mwanakombo alijisifu kuwa anaijua injini kwa mlio tu, ingawa juzi alisikia mashine ya kusaga akatoka mbio kuipokea pikapu yake.

Pikapu hiyo kuukuu aliinunua kwa fedha za korosho, baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa kuzinunua, na ndiyo iliyolisha ukoo mzima. Fundi Silvesta wa Newala alishamwonya Salmini, dereva wake na mume wa bintiye: "Skrubu ya dizeli nimeifungua robo tu. Usiiguse, wala tabo inayosukuma hewa kwenye injini usiiguse. Dizeli ikizidi hewa utaona moshi mweusi, mwishowe pistoni zitayeyuka."

Leo walitoka Masasi na mifuko ya salfa, unga wa kupulizia mikorosho. Kwa adabu, mkwe na mama mkwe hawabanani siti moja, hivyo Bi Mwanakombo alikaa nyuma, juu ya mzigo. Mlimani pikapu ikapanda kwa kasi ya ajabu. Moshi ukamfunika. Akagonga paa: "Salmini! Simama, unaniulia gari!" Salmini hakusikia. Bi Mwanakombo akabaki akisikiliza kila mlio: huo ndio wa mwisho? Au huo?

Walifika Newala injini ikitokota. Fundi akainama, akanusa. "Umeigusa skrubu?"

"Haki ya Mungu, sijaigusa! Hata moshi haukutoka."

Nyuma kikashuka kitu cheusi, macho na meno tu ndiyo meupe.

"Shikamoo, mama," Salmini akanong'ona.

"Marahaba, baba. Haya, endelea kumweleza fundi habari za moshi."