Kompyuta Inayopona Dukani

Kompyuta yangu mpya ilikuwa na maradhi ya kumwogopa fundi. Nyumbani ilizima kila baada ya robo saa; ikifikishwa dukani, buheri wa afya. Niliipeleka mara tatu. Mara tatu fundi wa duka aliiwasha, akaitazama dakika tano, kisha akanitazama mimi dakika sita.

"Mama, mbona haina shida?"

Mimi ni mpiga chapa, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Aliyenifundisha kazi alinichapa rula kwa makosa mawili: kuinua macho na kufunga mdomo. Macho yabaki kwenye mwandiko wa mteja, mdomo utamke kila neno kwa sauti, vidole vifuate. Ukifanya hivyo huruki mstari. Ndivyo nilivyo mpaka leo. Basi siku ya kwanza nilichapa kurasa kumi na moja kwa mwendo mzuri, nikainua uso, nikakuta kioo cheusi tii. Mashine ilikuwa imezima tangu ukurasa wa pili. Sisemi nilisikitika, nililia, mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani akidhani tumepata msiba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya bibi mmoja wa mtaa wa pili, mkunga mstaafu. Alikuwa ameandika maisha yake kwa mkono, madaftari manne. Jumamosi wanawe watano wangekusanyika kwake, awasomee kidogo, kila mmoja aondoke na nakala yake. Alinipa sharti moja tu.

"Mwanangu, yasisikike kwa watu kabla ya wanangu."

Nikamwapia. Mpiga chapa asiyeweza kutunza siri ya mteja, bora akauze vitunguu.

Alhamisi ilikuwa siku ya saba, na risiti ilitoa siku saba tu za kurudisha. Nikaibeba ile kompyuta kwa mara ya nne, jasho likinitiririka na maneno yakinijaa mdomoni.

Mwenye duka tulimwita Vutasubira, kwa sababu hakuna swali ambalo hakulijibu hivyo.

"Vuta subira, mama. Mashine ni nzima. Hela hairudishwi kwa mashine nzima."

"Na ikizima mbele yako?"

"Ikizima mbele yangu nakurudishia yote, mpaka senti ya mwisho."

"Mmesikia?" nikawauliza wateja wawili waliokuja kununua waya. Wakaitikia. Nikavuta kiti, nikaiwasha kompyuta pale kaunta, nikafungua daftari la tatu. Fundi akaambiwa asibandue macho kwenye kioo. Nikaanza kazi.

Naapa sikuukumbuka mdomo wangu.

Bibi alikuwa ameandika kuhusu nyumba moja aliyoitwa kwenda kuzalisha. Alimkuta baba mtarajiwa amejifungia chooni, anapiga mayowe kumshinda mwenye uchungu. Mkunga akamwambia mama mkwe, "Kamshike mkono anayelia zaidi," naye mama mkwe akaenda moja kwa moja chooni kwa mwanawe. Nikasikia kicheko kwa mbali. Sikuinua macho, niliingia ukurasa uliofuata. Mtoto akatoka kimya. Mkunga akampangusa, akampulizia, kimya. Mama yake akauliza, "Mbona halii?" Mkunga akamdanganya: "Anapumzika kwanza." Akaendelea kumpulizia...

"Imezima!" fundi akapiga kelele. "Bosi, imezima! Mama alikuwa anasema kweli!"

"Nyamaza wewe!" Vutasubira akamkemea. "Endelea, mama. Mtoto alilia?"

Hapo ndipo nilipoinua uso. Watu tisa. Wale wa waya walikuwa bado na waya zao mkononi, dada mmoja amekaa juu ya boksi la printa, na Vutasubira ameegemea kaunta mashavu mikononi. Nikalifunga daftari. Nilikuwa nimemwaga mtama penye kuku wengi.

Alinihesabia hela yangu bila ubishi, yote, na akanifuata mpaka mlangoni.

"Niambie tu, alilia?"

"Vuta subira," nikamjibu.

Zile hela zingeninunulia kompyuta nyingine duka la jirani jioni ile ile. Kiapo hakiuzwi duka lolote. Nikaenda kwa bibi moja kwa moja. Nilimkuta barazani anashona kifungo cha gauni la Jumamosi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwekea madaftari miguuni, nikamwambia akitaka kumpa mtu mwingine kazi, ana haki.

Akaukata uzi kwa meno.

"Walicheka?"

"Pale chooni, bibi."

"Na kwa mtoto?"

"Hakuna aliyepumua. Mwenye duka amenifuata mpaka nje kuuliza kama alilia. Nisamehe."

Akaliinamia gauni, akalikunja taratibu, nami nikajiandaa kufukuzwa. Kumbe alikuwa anajizuia kutabasamu, na macho yamelowa.

"Hiyo ya mtoto nimewaanzia wanangu mara ngapi, sijui. Nikifika chooni, mmoja anaangalia simu. Nikifika pale kwenye kimya, mwingine anasema, 'Mama, hiyo tumeshaisikia.' Hawajaisikia. Hakuna aliyewahi kuniacha nifike mwisho wake. Nikasema labda wakiikuta kwenye kitabu, mpya, wataniheshimu."

Akayaokota madaftari, akanirudishia mikononi.

"Kanunue mashine nzuri, umalize. Na huyo mwenye duka mwambie aje Jumamosi, nitamwekea kiti mbele. Wanangu wakianza kuinuka, nataka abaki mmoja wa kuniuliza kama mtoto alilia."