Roba Anataka Kutoka

Mume wangu Roba alipata korona, na mwanamume mkaidi akiugua ni balaa tupu. Nilimtenga katika kibanda cha ndama nyuma ya boma letu, nje kidogo ya Garsen, kwa sababu mama yake, Bishara, ana pumu na kifua chake humlilia hata akiswali. Daktari wa zahanati alisema wazi: atoke homa ikishapotea bila dawa, na kikohozi kikitulia. Kulinda mlango nikaachiwa mimi.

Asubuhi hiyo shemeji yangu Sadik alileta habari kwamba ng'ombe wameanza kulala wasiinuke kwa njaa. Ilibidi kundi lishuke delta kwenye malisho siku hiyo hiyo. Roba akasikia, akatoka.

"Mimi iko sawa. Homa hakuna. Naenda kwa Mama, halafu nahama."

Kwa Mama! Damu ilinichemka. Katika ukoo wetu hahami mtu na ng'ombe kabla mama yake hajamshika mashavu na kumtemea mate ya baraka usoni.

"Baba Nasteha, homa imefichwa na vidonge. Nimeona pakiti chini ya mkeka. Unataka kuua mama yako?"

"Toka njiani."

Nikamchapa fimbo ya kuchungia begani, nikaongeza ya pili. Sadik akanizaba kofi hadi barakoa ikanitoka. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, na sijuti. Roba akanikaba koo, akanigandamiza kwenye ua wa miiba, akinihemea usoni. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kisha kikohozi kikamshika. Mikono ikaniachia. Akapiga magoti akitafuta pumzi asiipate, na nikaona hofu machoni mwake. Sasa alijua mwenyewe.

Bishara alikuwa amesikia vurugu. Akaja mbio, mikono ameinyoosha. "Nani anaua mwanangu?"

Nilijaribu kumkataza, koo likatoa upepo tu. Roba akampungia mkono arudi. Hakurudi. Mama gani angerudi?

Roba akaokota jiwe, akamrushia mama yake mzazi. Lilimpata mguuni, akaanguka. Alipotaka kuinuka, Roba alikuwa ameshika jiwe jingine, machozi yakimtiririka.

"Kaa huko, Mama. Nakuomba, kaa huko."

Akajikokota, akarudi kibandani.

Bishara alikaa mavumbini, damu ikimchuruzika. "Kaltuma, mwanangu, njoo uniinue. Nimemkosea nini?"

Nilipiga hatua kumwendea, ndipo nikakumbuka ile pumzi usoni mwangu. Nikamwashiria Sadik, ambaye hakuwa amemkaribia kaka yake, amwinue yeye. Bishara akaendelea kuniita mimi, si Sadik. Nikampa mgongo, nikaingia kibandani kwa mume wangu.