Epuka Wanga

Shemeji yangu Mwanahawa alikuja kutoka Kihonda kumpongeza binti yangu kwa kufaulu kidato cha sita. Hata hakukaa vizuri, akaweka mkekani, kati ya sinia la ugali na bakuli la kunde, chupa ya maji ya kijani yaliyonuka kama shamba lililofyekwa jana.

"Mimi msinihesabu," alisema. "Siku hizi sili wanga. Daktari wangu kanikataza."

Sabra, binti yangu, alikuwa akitunawisha. Birika likabaki hewani. Mimi nikatazama ukuta. Katika nyumba yetu neno hilo halitamkwi ovyo.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na mengi wanayoyasema wakubwa hunipita juu ya kichwa. Hili halikunipita, lilinipiga. Mke wangu, Zuhura, alipogundulika kuwa na sukari, alikwenda kwenye zahanati mpya ya huku kwetu milimani, juu ya Mlali. Siku ya kuifungua palikuwa na ngoma. Mheshimiwa alikata utepe, akala pilau, akaondoka na vumbi lake. Ndani wakamwacha kijana mmoja na foleni iliyofika barabarani. Kijana huyo akampa mke wangu vidonge, na bila kuinua macho akampa na maneno mawili: "Epuka wanga."

Zuhura alirudi amekunja uso. Alikaa kizingitini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hata zahanati wamewaona."

Kwetu wanga ni watu. Ni wale watokao usiku na kurudi alfajiri, walao afya ya mwenzao bila kugusa nyama yake. Na nani huku kwetu huamka kabla ya jogoo, akawasha moto gizani, kisha akashinda na macho mekundu? Ni jirani yetu Pili, mjane asiye na mtoto, mkaanga maandazi. Tangu siku hiyo Zuhura alimwepuka kama alivyoagizwa. Hakwenda tena kwake kuomba kaa la moto, hakupokea andazi lake, na bombani alimzunguka kwa mbali kama anayezunguka shimo. Ugali, muhogo na ndizi za kuchemsha aliendelea kula kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuna aliyemkataza.

Sabra alikuwa bwenini. Aliporudi likizo na kutuambia kwamba wanga uliotajwa ni chakula, tulikuwa tayari tumesimama kwenye korido ya hospitali ya mjini, na Zuhura hakuwa tena mtu wa kuelezwa kitu. Tulipotoka makaburini nikaitupa sukari yote iliyokuwamo ndani, pamoja na kopo na kijiko chake. Kati yetu na Pili ukabaki ua wa mabua, na hakuna aliyeuvuka. Ningemwendea nikamwambie nini? Wa kwenda kujieleza ni wale waliokata utepe.

"Huyo daktari wako ni wa hospitali gani?" nilimuuliza shemeji.

"Hospitali za nini, shemeji! Wa kwenye simu. Watu wanamfuata mkoa mzima. Anasema ugonjwa ni uchafu, na uchafu unafukuzwa kwa njaa na majani. Niko kwenye mpango wake tangu wiki iliyopita. Ona!" Akalivuta gauni lake kiunoni, likaja mkononi kama gunia tupu. "Na sukari imeshuka! Mtu niliyekuwa nashikwa mkono kwenda chooni, leo nimepanda boda peke yangu."

"Na dereva hakuuliza kama amepakia mtu au koti?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha mdogo wake, marehemu Zuhura, na kwa ajili ya kicheko hicho nilimvumilia mengi.

Sabra akaona mlango umefunguka. "Baba, mimi nami nimeshachagua cha kusomea. Nataka lishe."

"Lishe ipi? Ya uji?"

"Taaluma ya lishe, baba. Kuwaelekeza wagonjwa wale nini."

Nikaurudisha mkono wangu kutoka kwenye sinia. "Kumbe unataka kuwa kama yule kijana. Au kama huyu wa kwenye simu. Mmoja anarusha maneno mawili dirishani, mwingine anauza majani, na wote wanajiita watu wa lishe. Mama yako amefia katikati yao. Soma ualimu, soma uhasibu, soma hata ushonaji. Kwa hilo hupati radhi yangu."

"Lakini baba, ndiyo maana nataka—"

"Nimemaliza."

"Mwache mtoto asome, shemeji," Mwanahawa akaingilia. "Kazi hiyo ina pesa. Daktari wangu ana gari... ana gari la..." Ulimi wake ukawa unatafuta njia. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo, na jua lenyewe lilikuwa limejificha nyuma ya milima. "Zuhura, fukuza kuku hao, wanaingia ndani."

Hapakuwa na kuku. Na aliyekuwa akimtazama usoni alikuwa Sabra.

Akajikusanya. "Ni sumu inatoka," alinong'ona. Vidole vyake vilikuwa vinacheza vyenyewe juu ya kanga. "Daktari alisema nitatetemeka."

Sabra akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono. "Mama mkubwa, vidonge vya sukari umemeza leo?"

"Nimemeza."

"Na umekula nini?"

Akanyoosha kidole kwenye ile chupa.

"Baba, sukari! Upesi, wakati bado anaweza kumeza."

"Umerukwa na akili? Huyu ana sukari!"

"Imeshuka, baba. Imeshuka mno. Vidonge vinaishusha, na yeye hali kitu. Nadhani ndivyo." Sauti yake ilitetemeka kuliko vidole vya shemeji. "Nadhani, baba. Sina kipimo."

Nadhani. Yule kijana wa dirishani hakulitamka neno hilo. Wa kwenye simu nina hakika halijui. Mwanangu alikuwa anaogopa waziwazi, machozi yanamlenga, na bado mkono wa mama yake mkubwa hakuuachia.

Nikatoka. Duka liko barabarani, mbali. Nikasimama mbele ya ua wa mabua, nikang'oa bua moja, nikang'oa la pili, nikapita.

Pili alikuwa anakanda unga wa kesho. Hakushtuka. "Karibu, Baba Sabra," alisema, kama mtu niliyeagana naye asubuhi.

"Naomba sukari. Shemeji yangu anazimia."

Akanawa haraka haraka, akachukua kopo. Halafu akasita nalo kifuani. "Itamfaa, ikitoka kwangu?"

Hakuniuliza kwa kejeli.

"Njoo nayo mwenyewe," nilimwambia.

Sabra aliikoroga kwenye kikombe cha maji, akamnywesha funda kwa funda. Tulikaa tunamtazama mgonjwa kama watu wanaongoja chungu kichemke. Pole pole macho yake yakarudi mahali pake, yakatuhesabu, yakamkuta Pili, yakakaa hapo.

"Mbona mnanikodolea hivyo? Na mbona mdomo wangu mtamu? Mmeniharibia mpango wangu!" Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Sabra akamkatia tonge la ugali, akamwekea mkononi. "Kula kwanza, mama mkubwa. Halafu tunakwenda hospitali leo hii, wakaviangalie hivyo vidonge."

Nikampigia dereva wa bajaji. Pili akainuka na kopo lake, akajifunga kanga vizuri.

"Usiondoke, Bi Pili," Sabra alisema. "Kuna jambo hukuwahi kuambiwa. Mama kule zahanati aliambiwa aepuke wanga. Wanga ni ugali. Ni muhogo, ni wali, ni maandazi. Ni chakula kinachogeuka sukari mwilini. Alitakiwa akipunguze. Hakuambiwa aepuke mtu."

Pili alikaa chini taratibu. Unga ulikuwa umemkaukia kwenye viwiko. Nilingoja atukane, nilikuwa tayari kutukanwa.

"Ugali," alisema. "Na mimi kila nikisali nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe nilimkosea nini Zuhura." Akamgeukia Sabra. "Sasa yule kijana alishindwa nini kusema ugali?"

Swali hilo nimelibeba kwa hasira mwaka mzima, nimewauliza moyoni wakubwa wote ninaowajua na nisiowajua. Sikuwahi kuliuliza kwa ufupi namna ile.

"Huko chuoni unakotaka kwenda," Pili akaendelea, "wanafundisha kusema ugali?"

"Sijui, Bi Pili. Na baba hajaniruhusu."

Wanawake watatu wakanitazama. Nje bajaji ilikuwa imefika na dereva anapiga honi. Nikamshika shemeji kwapani, Pili akamshika upande wa pili, tukamtoa mpaka kwenye kiti.

"Panda naye wewe," nilimwambia Sabra. "Watauliza amekula nini na amemeza nini. Mimi nitakosea. Waeleze wewe."

"Sawa, baba."

"Na ukishawaeleza, waulize hao wa lishe wa hapo walianzia wapi kusoma."

Akafunga ushungi wake mbio mbio, akaingia kabla dereva hajawasha, kama mtu anayeogopa nisije nikayarudisha maneno yangu mdomoni.