Shimo la Upande Wetu

Majembe yalikuwa yameegemea ukuta wa jikoni kwangu, udongo umekaukia makalini. Wenye majembe walikaa ndani wamenyamaza, na hicho ndicho kilichonitisha. Nyumba yangu ilizoea kelele. Tangu tuanze kujenga daraja la magogo la kwendea Ikonge, mwaka wa sitini na saba, wajenzi walikunywa uji kwangu, na habari za ukoo mzima zilipita pale kabla hazijawafikia wenyewe.

Siku hiyo hakuna aliyegusa kikombe. Ng'ambo ya mto, chini ya turubai, alikuwa amelazwa Mogire, msimamizi wetu.

Kwetu, maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayeinua jembe. Na mwaka ule vifo viliandamana: mzee leo, mtoto wiki ijayo. Kila msiba, Mogire mwenyewe alikusanya majembe akayaleta kwangu.

"Daraja litangoja," alisema. "Aliyekufa hangoji."

"Ngoja tu," nilimtania. "Wajukuu zako watalivuka wakiwa na mvi."

Tukacheka. Masika yakatukuta magogo yamekatwa, nguzo ya ng'ambo imesimama, limebaki shimo la nguzo ya upande wetu tu. Mogire akitoka sokoni Ikonge akaingia majini, kama tulivyofanya sote miaka yote. Mto ukamtupa kwenye ukingo ule ule alikotoka.

Daraja la magari, kule chini, lilikuwa limesombwa. Basi hatungeweza kumzika kwake bila kumvusha, wala kumvusha bila kuchimba, wala kuchimba kabla hajazikwa.

"Tungoje maji yapungue," alisema Machogu, baba yake. Juu ya bati mvua ilizidi.

Hapo akaingia Bitutu, mjane wa Mogire. Mjane haondoki kwake wakati wa msiba. Wanaume wakaangalia chini. Alipapasa ile mipini mmoja mmoja mpaka akaupata wa mumewe.

"Mwanangu, rudisha hilo," Machogu alisema akiutazama mlango, maana mkwe hamkazii mkwewe macho.

"Baba, kaburi lake si mtachimba?"

"Tutachimba."

"Basi anzieni mtoni."

Akatoka. Tukakaa hivyo hivyo. Kisha kutoka bondeni tukasikia jembe likigonga mawe, likapumzika, likagonga tena. Machogu ndiye aliyeinuka kwanza. Alichukua jembe lililokuwa karibu, na wengine wakamfuata.

Jioni, magogo hayajapigiliwa vizuri, Mogire alivuka mabegani mwa wenzake aliotoka nao sokoni. Hakuna aliyemtangulia.

Miaka zaidi ya kumi imepita. Kukiwa na msiba, majembe bado huletwa ukutani kwangu, na bado sijui nani alikuwa na haki siku ile. Juzi binti yake Mogire alipita akielekea Ikonge, mtoto mgongoni. Nikamwomba asimame kidogo. Nikaifungua shali, nikamtazama mtoto kichwani. Nywele nyeusi tii, mvi hata moja hakuna.