Mbuke Hafungui Mdomo

Mzee Marselino hakusoma sana. Aliishia darasa la tatu, ng'ombe wa baba yake wakamchukua, na ng'ombe, unajua tena, wakishakuchukua hawakurudishi. Lakini rozari anaijua. Nyimbo za kanisani anazijua mpaka zile ambazo wanakwaya wenyewe wameshazisahau. Basi kila mwaka, Noeli ikikaribia, yeye na mkewe Bernadina huwakusanya wajukuu nyumbani kwao Ushirombo kwa siku tatu za sala. Wanalala kwenye mikeka, wanakula viazi vitamu na maziwa mgando, wanasali asubuhi na jioni. Padri hayupo, katekista hayupo. Mzee anaongoza, na Bernadina anamsahihisha.

Mwaka huu walikuja kumi na mmoja. Wa mwisho kushuka kwenye gari alikuwa Mbuke, binti wa mwanawe Ignas, miaka tisa, katoka machimboni anakoishi na baba yake tu, maana mama yake alishaolewa kwingine. Mzee alimpokea kwa utani wao wa siku zote: mke wangu umechelewa, nimekaa na njaa. Mbuke alicheka kama kawaida, akamwita Guku, yaani babu, akamshika mkono.

Sasa, kwenye rozari ya nyumba hiyo kila mtu hupokea Salamu Maria moja. Anasema nusu ya kwanza peke yake, wengine wanaitikia. Asubuhi ya kwanza ikaenda vizuri mpaka ikamfikia Mbuke. Kimya. Mzee akadhani ni aibu, akamruka. Jioni ikamfikia tena, kimya, na midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe. Binamu yake Amosi akasema huyu kalamba gundi, wenzake wakaangua kicheko, Bernadina akawatuliza kwa kuwakazia macho. Baadaye akamwambia mumewe pembeni kwamba Ignas lazima kaingia dini nyingine huko na kumkataza mtoto rozari.

 Kesho yake asubuhi, mvua ilipokatika kidogo, mzee akamchukua Mbuke wakahamishe mbuzi. Akazungumza naye habari za mbuzi, za shule, za jino lake lililong'oka, akizungukazunguka kama mtu anayetafuta kuku wa kukamata. Mwishowe mtoto akasema mwenyewe.

"Guku, nikisali baba atafukiwa."

Kisha akaeleza yote. Duara la baba yake na wenzake, yaani shimo wanalochimba dhahabu, lilikuwa halitoi kitu tangu kiangazi. Wakaleta mganga. Mganga akataka mtoto anayependwa na mmoja wao, wakamtoa Mbuke. Akampaka dawa nyeusi kwenye ulimi, akasema dhahabu hukimbia jina la Mungu, na kuanzia leo mdomo wa huyu ndio mfuniko wa duara. Akiufungua kwa sala, udongo utajifunga juu yao. Halafu akamwambia Ignas ayarudie maneno hayo kwa kinywa chake, mkono kichwani mwa mwanawe. Ignas akayarudia.

Mzee alisimama na kamba ya mbuzi mkononi. Kwa waganga haendi, ni miaka mingi. Lakini mtu aliyezaliwa kwetu huku, hata umbatize mara saba, kuna mahali ndani yake pakisikia maneno kama hayo panaamka. Na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na mvua za Desemba maduara huzijua, ndizo huyabomoa.

Alipomweleza Bernadina, mama huyo alisema mtoto asali leo leo, mbele ya wote, uongo ufe.

"Na duara likianguka?" Mzee akauliza.

"Likianguka ni mvua, Baba Ignas."

"Wewe utajua ni mvua. Yeye atajua ni yeye. Atatembea nalo mpaka anazeeka."

Bernadina akasema kwa hiyo nyumba hii sasa inamtii mganga. Neno hilo lilimchoma mzee.

Kwao neno alilofunga mzazi hulifungua mzazi mwenyewe. Anachukua maji kinywani, anayapuliza kifuani mwa mtoto, anatamka kwamba yamekwisha. Basi mzee akaita bodaboda, akampakia Mbuke katikati, wakaenda machimboni kwenye tope na kelele za makarasha yanayosaga mawe. Wakasubiri. Ignas akavutwa juu kwa kamba, taa kichwani, udongo mpaka kwenye kope, na alipowaona akafurahi kweli. Akamwamkia baba yake, akamnyanyua binti yake juu.

Mzee akamweleza kilichowaleta. Ignas akacheka, akasema baba, yale yalikuwa maneno tu, wenzangu walishakata tamaa.

"Kama ni maneno tu, yafute."

Hapo wenzake walishasogea. Magesa, mwenye duara, akamwamkia mzee kwa heshima kabisa, akasema wao dini hawaikatai, ila tangu siku ile mwamba umeanza kuonyesha rangi ya dhahabu. Mzee awape wiki mbili tu. Mzee hakumtazama. Akampa mwanawe chupa ya maji.

Ignas akapiga funda, akapiga magoti mbele ya mtoto, mashavu yamejaa. Mbuke akafumba macho, akainua kidevu, akatoa kifua mbele kama anayesubiri sindano. Ignas akamwangalia Magesa. Akaangalia duara. Akayameza yale maji.

 Mzee mkono ulimwasha, lakini mwana wa miaka thelathini na nane humpigi kofi mbele ya mwanawe. Akamshika Mbuke, wakarudi kwenye pikipiki. Walikuwa wameshafika barabara kubwa mtoto aliposema, mdomo umebanwa kwenye koti la babu yake:

"Baba alikuwa na kiu, Guku."

"Ndiyo, mke wangu. Kazi ile inakausha."

Jioni mvua ikarudi, wakakaa kwenye mikeka. Mzee alishamwambia Bernadina kwamba kesho anakwenda tena, na keshokutwa, atakaa pale juu ya shimo mpaka Ignas aone haya. Rozari ikazunguka, ikamfikia Mbuke. Kimya. Amosi safari hii hakucheka. Ikamfikia mzee, aliyekaa karibu yake, na mzee akabana midomo.

Bernadina alimtazama kwa muda mrefu. Wajukuu nao wakamtazama, maana Guku wao kunyamaza kwenye sala hawajawahi kuona. Mbuke akageuka, akamchungulia mdomo, akausogelea ubavu wake na kuegemea.

Bernadina akasema Salamu Maria ya mtoto, halafu ya mumewe, na sauti haikuwa nzuri. Mzee hata moyoni hakusali. Alikuwa anasikiliza mvua kwenye bati na kuhesabu mwendo wa kutoka hapo mpaka machimboni.