Kikombe cha Mpishi

Karamu ya kumkumbuka mshairi wetu ni ya usiku. Hilo hata mbwa wa kwetu wanalijua. Lakini mwaka huu, pale Jumba la Kilvarroch, tuliianza saa tisa alasiri kwa sababu wageni waliokata tiketi walikuwa na basi la kuwahi. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mnivumilie, maana haijaisha.

Mama yangu, Rhona, amepika hagisi ya jumba lile miaka ishirini na saba. Anakatakata moyo, ini na mapafu ya kondoo, anachanganya na nafaka ya oti, kitunguu na pilipili manga, anashindilia ndani ya tumbo la kondoo huyohuyo, anashona, anachemsha. Kisha hagisi inaingia ukumbini kama bibi harusi: Mzee Torquil mbele na zumari yake ya mfuko, mama nyuma na sinia, watu wote wima wanapiga makofi. Shairi linasomwa, kisu kinashuka, halafu mwenye karamu anawapa kikombe kimoja kimoja cha wiski watu wawili tu, mpiga zumari na mpishi, wainywe pamoja mbele ya wote. Funda moja. Mama si mtu wa mapambo, lakini kwa funda lile huvaa hereni.

Asubuhi ile Bwana Fenwick, msimamizi mpya, aliingia jikoni akipiga chafya kwa sababu ya pilipili. Akatueleza kwamba sinia litabebwa na dada mmoja mwigizaji kutoka mjini, mwenye kofia ya lesi na mashavu ya kupakwa, kwa kuwa anatoka vizuri kwenye picha. Mama aliuliza swali moja tu: na kikombe je? Bwana Fenwick akasema kikombe kinakwenda na sinia, ni maonyesho tu, asiliweke moyoni.

Mama akavua hereni akaziweka kwenye kisahani cha chumvi. Nikafungua mdomo. Akaniambia nimenye viazi.

Basi hagisi ikaingia na mpishi wa bandia. Bwana Fenwick, ndani ya kilti mpya, ile sketi ya wanaume wa kwetu, ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani, alisoma shairi kutoka kwenye kadi, akashika kisu kama mtu anayeua nyoka, akachoma katikati. Hagisi ikapasuka. Ini likamrukia kifuani, oti kwenye nyusi, na bibi mmoja wa meza ya mbele akapata kipande cha mapafu kwenye pochi.

Kila mpishi wa kwetu hutoboa hagisi kwa sindano kabla haijatoka jikoni, ili mvuke upungue, kisha humnong'oneza mwenye kisu aanzie wapi. Mwaka huu mama hakutoboa. Labda alisahau. Miaka ishirini na sita hakusahau.

Wageni walidhani ni sehemu ya burudani, wakashangilia. Bwana Fenwick akajifuta, akagawa wiski. Yule dada akanywa huku akitabasamu kwa kamera. Torquil hakunywa. Aliitazama wiski yake, akaenda kuiweka dirishani, akarudi kukaa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na kwenye upenyo ule niliona aproni ya mama. Kisha mlango ukafungwa.

Sasa, baada ya chakula, mwanamume mmoja husimama akawatania wanawake, na mwanamke mmoja husimama akawajibu wanaume. Anayejibu hakatizwi, na anayetaniwa haruhusiwi kununa. Mwaka huu anayejibu nilikuwa mimi, Una, binti wa mpishi. Bwana Fenwick alikuwa ameshaipitia karatasi yangu kwa kalamu nyekundu na kufuta utani wa mistari minne, yote inayomhusu yeye. Niliikunja nikaikalia.

Nilianza kwa kumpongeza. Nikasema nimeona wanaume wengi wakivaa chakula, lakini aliyevaa kondoo mzima kwa mkupuo mmoja ni yeye wa kwanza. Watu wakacheka. Nikamgeukia dada wa kofia, nikamwuliza kwa upole hagisi inachemshwa kwa saa ngapi.

"Dada yangu, sijui," akasema, na uso wake ukawa mwekundu bila kupakwa rangi. "Mimi nimeambiwa nibebe tu."

"Huna kosa, mwenzangu. Anayejua yuko nyuma ya mlango ule, amesimama tangu saa kumi alfajiri. Naomba na nyinyi msimame."

Wakasimama, viti vikikwaruza sakafu. Tukangoja. Mlango haukufunguka. Bwana Fenwick akaanza kutabasamu chini ya oti zilizobaki kwenye nyusi, nami nikajikuta naelekea jikoni mbio.

Mama alikuwa anasugua sufuria. Nilimwambia watu wote wamesimama kwa ajili yake. Hakugeuka.

"Nani kakutuma uniombee, Una? Mimi ombaomba?"

"Mama, ni haki yako."

"Ndiyo. Ni yangu. Sasa mbona unaniletea kama makombo?"

Alikausha mikono polepole, kidole kwa kidole, akachukua hereni kwenye chumvi akazivaa, akatoka na aproni yake yenye damu ya ini. Hakumtazama aliyesimama wala aliyekaa. Alikwenda moja kwa moja kwa yule dada, akanyoosha mkono, na yule dada akampa kikombe kwa mikono miwili. Torquil alikuwa tayari ameifuata wiski yake dirishani. Akammiminia mama nusu yake. Wakanywa pamoja, funda moja, mbele ya wote.

Kisha mama akakifunika kikombe kichwa chini mezani, mbele ya Bwana Fenwick, na kutoka mfuko wa aproni akatoa sindano yake ndefu akailaza kando.

"Mwakani," akamwambia, "toboa mwenyewe."